Katuni ya Dougal

Rafiki yangu Maree, wa mji wa Adelaide, alishinda akizunguka maduka ya katuni na michezo ya mezani. Kaka yake Dougal alikuwa mahututi, naye alitaka asomewe toleo la mwisho la katuni aliyoipenda tangu utotoni. Hakuna duka lililokuwa nalo.

Duka la mwisho, la muuzaji aitwaye Nev, lilikuwa chini ya ardhi.

"Makasha yale pale ukutani, dada. Hatujayapanga," Nev alisema.

"Kila duka naambiwa hivyohivyo."

"Basi umeshazoea."

Maree akaanza kupekua, mifuko ya plastiki iliyofunika katuni ikichakarika vidoleni mwake. Mara umeme ukakatika, kukawa giza totoro. Akatuliza mikono. Mchakariko ukaendelea mbele yake, ndani ya kasha lilelile, polepole, mfuko baada ya mfuko.

"Nev, ni wewe unayepekua?"

"Mimi niko huku mlangoni," Nev akajibu kwa mbali.

Mchakariko ukakoma. Kitu chembamba kikasukumwa kiganjani mwake.

Umeme uliporudi, alikuwa ameshika toleo lile lile alilolitafuta. Nyuma ya kasha palikuwa na ukuta mtupu. Na plastiki ilikuwa na joto, kama kitu kilichokumbatiwa kifuani kwa muda mrefu, vile Dougal alivyokuwa akilala na katuni zake utotoni.