Mpira wa Shokapu ya Kushoto

Kila asubuhi Brigita alifagia uwanja wa nyumba yao ya Rasbura, na kila gari liliponguruma kutoka upande wa Mtama, ufagio ulisimama. Mama yake, Romana, alikuwa amepasuliwa tumbo katika hospitali ya misheni, mbali huko bara, tangu kabla ya mvua.

"Fagia, mke mwenzangu," Bibi Apolonia alimtania. "Hilo ni lori la mkonge. Au mama yako amegeuka mkonge?"

Brigita alicheka, lakini macho yalibaki barabarani. Kila usiku alijifunika kanga ya mama, na alikuwa amekataa katakata isifuliwe.

Jumamosi moja salamu zilifika: Romana ameruhusiwa, ila asitikiswe njiani, kidonda bado kibichi. Mjomba Dionis alikuwa na pikapu kuukuu, aliyoinunua Wazungu wa mashamba ya karanga walipofunga kazi Nachingwea. Aliukandamiza mkia wa gari, akauachia. Gari lililo zima huinuka mara moja likatulia. Hii ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, kama iliyosikia ngoma.

"Shokapu zimekufa," alisema Mjomba. "Ukipakia maziwa hapa, unafika Mtama na siagi."

Akaiinua kwa jeki, akaweka magogo chini, akafungua shokapu za nyuma zilizokuwa zikivuja mafuta. Mipira yake ilikuwa imelika ikawa unga. Zile mpya alizonunua zilikuja na mipira yake, ya kuzuia chuma kisigonge chuma. Ya kulia alifunga mwenyewe. Ya kushoto, nati ya chini, alimwachia Brigita.

"Mikono yako inapenya. Mpira kwanza, nati baadaye."

Brigita alikuwa na haraka. Mpira ukamponyoka, ukaangukia mchangani, pale pale kuku walipokuwa wakichakura. Alipapasa, asiuone. Kuutafuta ni kuchelewa! Akakaza nati hivyo hivyo.

"Tayari?"

"Tayari, Mjomba."

Bibi akatandika godoro la usufi nyuma ya pikapu, akalipigapiga upande wa kushoto. "Kichwa cha mwanangu kitakaa hapa, jua lisimpige."

Mjomba akawasha gari. Brigita, aliyekwisha kupanda, alilitazama lile godoro. Akinyamaza, leo hii mama atalala nyumbani. Akinyamaza, kila shimo la barabarani litagonga pale pale.

"Mjomba, zima!" Akaruka chini. "Huko chini hakuna mpira. Ulinipotea."

Mjomba akazima, akatazama jua. "Tukifungua tena, safari ni kesho. Mgonjwa hasafirishwi gizani. Unajua?"

"Najua." Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

Wote watatu wakauchekecha mchanga, mpira haukuonekana. Hapo Bibi akavua katambuga yake moja, kiatu cha tairi kilichokuwa na soli nene kama mkate.

"Kata hii. Nimeivaa tangu vita vya Hitla, imezoea kubeba mizito. Mimi nitatembea mguu mmoja peku, watu waseme mjukuu wangu ameninyang'anya."

Mjomba akachonga mpira mwingine, akautoboa, na Brigita akaufunga yeye mwenyewe. Pikapu ikakandamizwa. Ikainuka mara moja, ikatulia.

Usiku ule kanga haikutosha kumliwaza.

Jumapili jioni pikapu iliingia uwanjani polepole. Romana alikuwa amelala juu ya godoro, ameushika mkono wa binti yake.

"Mbona mashimo sikuyasikia?" aliuliza. "Serikali imeyafukia?"

"Mashimo yapo yote, dada," Mjomba alijibu. "Binti yako ndiye aliyeyafukia, kwa kusema kweli." Akamgeukia Brigita. "Sikia, mwanangu. Kosa ukilificha huliondoi. Linatangulia kumngoja mwenzako njiani. Ulipolisema, lilitugharimu siku moja tu."

"Na kiatu changu!" alidakia Bibi.

Romana alicheka, akashika tumbo. Kisha akaivuta kanga mabegani mwa Brigita, akainusa, akakunja pua.

"Hii haijafuliwa tangu niondoke?"

"Kesho, mama," alisema Brigita. "Kesho nitaifua."