Pazia Lililozidi Chumba

Jumamosi hiyo duka la rangi lilikuwa limefurika. Kila mtu alitaka ahudumiwe yeye kwanza, na mashine ya kuchanganyia rangi ilikuwa inatetemeka pembeni kama mtu mwenye homa. Katikati ya vurugu hizo alisimama mwanamume mmoja, suti ya bluu iliyokolea, shati jeupe lisilo na kunyanzi, viatu vinang'aa. Mtaani kwao walimwita Bosi. Hakuwa bosi wa mtu yeyote. Alikuwa muuza suti, na mwenye duka alimtaka avae anachouza, basi jina likamganda, naye akaliacha ligande. Jamani, nani anakataa jina zuri?

"Kaka, unachukua hiyo ya kijani?" aliuliza mtu nyuma yake.

Aligeuka. Alikuwa dada mwenye gauni la njano, futi ya kupimia nguo imening'inia shingoni, pini zimechomekwa kwenye ukosi. Alikuwa fundi wa mapazia, na sura yake ilimfanya Bosi asahau kilichomleta.

"Ndiyo, ya kijani. Kwani vipi?"

"Inategemea. Ni ya chumba gani?"

"Cha kulala."

"Kidogo? Maana kama ni kidogo, rangi hiyo itakimeza. Chumba kidogo unakipaka rangi nyepesi, ya maziwa hivi. Na unapaka kila kitu: kuta, dari, mlango, hata kabati. Jicho likikosa mahali pa kukomea, linadhani chumba bado kinaendelea."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Jibu la kweli lilikuwa limefika ulimini: dada, changu ni kidogo, nikivaa suruali kiwiko kinagonga ukuta. Lakini alitazama yale macho, akajitazama na ile suti, aibu ikamshika.

"Ah, changu kikubwa tu," alisema.

"Basi chukua uipendayo."

"Lakini hiyo ya maziwa nayo si mbaya. Napenda mwanga."

Fundi alicheka. "Mwenye chumba kikubwa hakosi la kupenda. Haya, nipishe nami ninunue yangu."

Hakumpisha mpaka alipopewa namba ya simu.

Siku zilizofuata simu haikumpoa mkononi.

"Umekula, Bosi wangu?"

"Nimekula, lakini sijashiba. Sijasikia sauti yako tangu asubuhi."

"Mwongo we! Tumeongea saa nne."

"Saa nne ni zamani, mpenzi."

Fundi hakuwa na makuu. Wiki ya kwanza tu alimweleza kwamba wanalala chumba kimoja, yeye na shangazi yake mwenye karakana ya mapazia, pamoja na vitambaa visivyopata nafasi kwingine. Alilisema hilo huku akicheka, kama anayesimulia habari za hali ya hewa. Bosi alicheka naye, halafu akajisikia vibaya, kwa sababu ile ilikuwa nafasi yake ya kusema na aliiacha ipite.

Badala yake alipaka. Alipaka kuta, akapaka dari mpaka shingo ikakakamaa, akapaka mlango na kabati, maziwa matupu. Na kweli, chumba kilifunguka! Kabati likapotelea ukutani, dari ikapanda. Alisimama mlangoni, akalaza simu, akapiga picha, akamtumia.

"Wee!" Fundi alipiga simu papo hapo. "Ukumbi wote huo unalala peke yako? Nipe vipimo vya dirisha nikushonee pazia."

"Tutapima siku ukija."

"Nitakuja lini?"

"Tutapanga, mpenzi."

Walipanga na kupangua. Mara ana wageni, mara bomba limepasuka. Kila akikata simu, Bosi aliketi kitandani akafunika uso kwa viganja, na hakuwepo mtu wa kumwona. Njia ya mwongo ni fupi, alijua, lakini aliomba iongezeke kidogo.

Fundi naye alikuwa na ugonjwa wake, nao ulikuwa majigambo ya jicho. Karakana nzima ilimjua: akitazama dirisha mara moja, mkasi unakwenda.

"Nenda ukapime," shangazi alimwonya.

"Shangazi, picha inatosha. Nataka nimshtukize."

Alishona pazia la zambarau lenye marinda mazito, na shuka la kufunika kitanda la rangi hiyo hiyo. Kila mteja aliyeingia alionyeshwa. "La mchumba wangu hilo. Ana chumba kama ukumbi."

Bosi alirudi kutoka kazini jioni moja akakuta mlango wake wazi. Fundi alikuwa ameulizia mtaani kwa Bosi mpaka akafika, na mama mwenye nyumba ndiye aliyemfungulia, akidhani anamfurahisha mpangaji wake. Fundi alikuwa amesimama katikati ya chumba, na katikati ya chumba kile ndiyo pembeni yake. Pazia lilifunika dirisha, likafunika ukuta mzima, likafunika na kabati, na bado lilikuwa limelala sakafuni. Shuka lilikuwa limekimeza kitanda chembamba, likapanda ukutani, kisha likafika mlangoni. Bosi alisimama akiwa amelikanyaga.

"Nimekata kwa jicho," Fundi alisema bila kugeuka. "Jicho langu halijawahi kunidanganya."

"Mpenzi, ngoja nikueleze..."

"Mimi ndiye niliyekufundisha! Kuta, dari, mlango, kabati. Ukachukua maneno yangu mwenyewe ukanifumba nayo macho."

"Niliona aibu."

"Aibu ya chumba? Mimi nilikwambia ninapolala. Uliona nimekufa?"

Bosi alifungua kifungo cha koti. Suti ilianza kumbana kama ameiazima.

"Leo umenificha chumba," Fundi alisema, sauti ikikatika. "Kesho utanificha mke."

"Mke gani? Angelala wapi humu?"

Kule kwenye korido mama mwenye nyumba aliangua kicheko, kisha akajiziba mdomo. Fundi hakucheka. Alikunja pazia, akakunja shuka, akapita na furushi lake bila kuaga.

Bosi alibaki na kuta zake. Ziling'aa pande zote, hakuona pa kugeuzia uso. Alipiga simu, haikupokewa. Akapiga tena, ikakatwa. Akajiambia, basi, ameona umaskini wangu amekimbia, na nani wa kumlaumu? Akaacha kupiga. Kazini aliuza suti akiwa ameinamisha macho, wateja wakadhani wamemkosea.

Ukweli ulikuwa mwingine. Kule karakanani Fundi alikuwa ameinamia cherehani asiongee na mtu. Pazia la zambarau lilikuwa limekunjwa kwenye kona, na kila mteja aliuliza: "Enhe, ukumbi wa mchumba umependeza?" Fundi aliyekata bila kupima! Aliona haya ya mkasi wake, akaona haya ya mdomo wake, na usiku alimlilia mtu yule yule aliyemwaibisha. Ndivyo mapenzi yalivyo, hayana adabu.

Shangazi alivumilia mpaka akachoka, akachukua simu ya Fundi, akampigia Bosi.

"We kijana! Unauza suti au unauza uongo?"

"Shikamoo, shangazi."

"Shikamoo yako ikae huko huko. Mwanangu hali, halali, mashono yanakwenda upande. Mbona umenyamaza?"

"Niliona hanitaki. Nina chumba kile kile, shangazi. Sina kingine."

"Nani amekwambia analilia chumba? Mficha uchi hazai, mwanangu. Njoo useme mbele yake."

Alikwenda. Safari hii hakuvaa suti. Alivaa fulana iliyomwagikiwa rangi ya maziwa siku ile ya kupaka, na ndala. Karakana ilikuwa imejaa kina mama wanaochagua vitambaa. Alitamani kurudi. Miguu ilimwambia rudi, lakini akaingia mpaka mbele ya cherehani.

"Nimekuja kuagiza pazia."

Cherehani ilinyamaza. Fundi hakuinua kichwa. "Vipimo?"

"Dirisha ni dogo. Nikitoa kichwa, mabega yanabaki ndani." Mama mmoja alicheka, uso wa Bosi ukawaka moto, lakini aliendelea. "Kitanda ni cha mtu mmoja. Nikitaka kufungua kabati, lazima kwanza nifunge mlango. Nilikudanganya pale dukani kabla hata hatujasalimiana vizuri, halafu kila siku nikaona aibu kusema nilikudanganya jana. Si kwamba sikukuamini wewe. Nilijionea haya mwenyewe. Nisamehe."

Shangazi alijifanya anahesabu vishikizo vya pazia.

Fundi aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu. "Na mimi nilikutangaza hapa kwa watu wote, chumba kama ukumbi. Unajua nilivyochekwa?"

"Najua. Na mimi sasa wananicheka."

"Mnastahili," alisema shangazi.

Fundi alifuta machozi kwa kipande cha kitambaa, akachukua futi yake akaivaa shingoni. "Sikati tena kwa picha, wala kwa maneno ya mtu. Twende nikapime."

Chumbani kwa Bosi, Fundi alipima dirisha. Akapima ukuta. Mama mwenye nyumba alipita mlangoni mara nyingi kuliko kazi zake zilivyohitaji. Mwanga wa jioni uliingia, ukagonga ile rangi, na hata sasa, akijua ukweli, Fundi aliona chumba kinanyoosha mikono.

"Umepaka vizuri lakini," alikiri.

"Nilikuwa na mwalimu mzuri."

"Usinibembeleze, bado nina hasira." Aliinama, akapima kitanda. "Hiki kweli cha mtu mmoja."

"Ndiyo."

"Cha watu wawili kitaingia?"

Fundi hakungoja jibu, alivuta futi kutoka ukuta hadi ukuta. "Kitaingia," alisema. "Lakini mlango utafunguka nusu."

Bosi wa zamani angesema, mlango nitabadilisha, kesho tu, nina seremala wangu. Huyu aliweka mkono kwenye kabati.

"Nusu kweli. Na kabati litabidi litoke. Na ile kona pale mvua ikinyesha inavuja, nimepaka juu yake isionekane. Na bado naona aibu, hata sasa hivi. Utanikubali hivyo hivyo?"

Fundi alikwenda kwenye ile kona, akaigusa kwa kidole. Ilikuwa na unyevu. Alicheka kidogo, kicheko chenye machozi ndani yake, akaanza kuviringisha futi yake polepole.

"Lile pazia kubwa silikati," alisema. "Nitalitunza mpaka lipate dirisha lake."

"Hilo ndilo jibu?"

"Jibu liko kwa shangazi. Nenda ukanipose mwenyewe, kwa mdomo wako." Alifika mlangoni, akageuka. "Na siku hiyo usivae suti."