Joto la Mashine ya Tisa

Mashine ya tisa ilikuwa ikijaa, ilhali ilipaswa kupungua.

Tangu asubuhi Rauno, fundi wa ukumbi wa kompyuta za kuhifadhia data, alikuwa akihamisha data kutoka mashine hiyo kuukuu kwenda kwenye mpya nne, kidogo kidogo, zisije zikalemewa. Kila faili lilikuwa na nakala tatu katika mashine tatu mbalimbali; moja ikifa, mbili zinabaki. Humo mlikuwa na sauti ya marehemu mkewe, Aune, akiwasomea watoto hadithi maktabani. Hakuwa nayo pengine popote.

Sasa nakala zote tatu za sauti hiyo zilikuwa zimekusanyika ndani ya mashine ya tisa.

Hilkka, msimamizi aliyeletwa kutoka Helsinki, aliuliza nani kazipeleka huko. Rauno alisema si yeye. Akamweleza kwa sauti ya chini kwamba ukumbi ulijengwa juu ya sauna ya kijiji, yaani bafu la mvuke, na kama waogaji wa mwisho wanavyomwachia jini wa sauna mvuke wake, mafundi hawakuwahi kuizima mashine ile, ili jini asikose joto lake.

"Mzee wangu, huyo jini naye kaajiriwa?"

"Binti, usimcheke humu ndani."

Hilkka aliamuru izimwe leo hii. Rauno akaomba subira. Aliifungia mashine isipokee kitu, akatengeneza nakala mpya tatu za sauti ya Aune kwenye mashine tatu mpya, akangoja mpaka skrini ikathibitisha kuwa zote ni nzima. Ndipo Hilkka akachomoa waya.

Feni hazikusimama. Harufu ya majani mabichi ya mbetula, mti ambao waogaji wa sauna hujipigia matawi yake, ikajaa ukumbini, na kutoka kwenye chuma kisicho na umeme ukasikika mchemko wa maji yanayomwagwa juu ya mawe ya moto, ukipanda, ukisogea kabati kwa kabati kuelekea mashine mpya, hadi ukafika, ukanyamaza.

"Twende," Hilkka alinong'ona.

Rauno hakwenda. Alifungua nakala ya kwanza. Aune alisoma mstari mmoja, akakatizwa na mchemko ule ule, kisha akasema polepole, kama anayelazimishwa kusema:

"Rauno, mmemzimia joto lake. Sasa anaota joto langu."

Alifungua ya pili, kisha ya tatu. Maneno yalikuwa yale yale.

Mfumo ulizilinganisha nakala zote tatu, ukakuta hazipishani hata chembe, ukaandika kwa kijani: data ni salama.