Tarumbeta Isiyokuwepo

Duka la muziki lilikuwa linafunga kabisa, na asubuhi hiyo watu walijazana ndani, wameinamia makasha ya santuri za zamani huku viwiko vikigongana. Mwanamke mmoja alikuwa bado amevaa koti jeupe la kazini, vumbi la plasta limemganda mikononi. Yeye ni fundi wa meno bandia, na alikuwa ametoroka karakana kwa nusu saa tu. Akavuta santuri moja ya rumba. Haikuja. Upande wa pili ilikuwa imeshikwa na mkono wa mwanamume.

"Samahani, dada, hii niliiona kwanza."

"Wewe uliiona. Mimi nimeishika."

Mwanamume akacheka, na Fundi akashtuka. Sauti ile ilikuwa nzito, tamu, ya kumfanya mtu asahau alichotaka kusema.

"Wewe ndiye yule wa redioni! Mama yangu hakosi kipindi chako hata Jumamosi moja."

"Ndiye mimi. Wananiita Asali."

"Asali gani inayonyang'anya watu vitu vyao?"

Asali alikuwa amevaa shati la kitani la kijani, mikono imekunjwa hadi viwikoni, na viatu vinang'aa. Kila Fundi aliposema neno, yule bwana alimtazama midomo bila kupepesa. Fundi akajifuta haraka, akidhani ana plasta usoni.

"Basi ichukue," Asali akasema. "Lakini nialike tuisikilize pamoja."

"Nina gramafoni ya marehemu baba. Jumapili saa tisa alasiri. Ukichelewa utakuta nimeshageuza upande wa pili."

Hakuchelewa. Wala Jumapili iliyofuata, wala zile saba zilizofuata hiyo. Asali alileta albamu kutoka maktaba ya redio, kila wiki ya aina yake, nao walikaa sakafuni kwenye zulia na kuisikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho. Sheria ya Fundi ilikuwa moja: hakuna kuruka wimbo.

"Haya, Fundi wangu, niambie unasikia nini," Asali alikuwa akimwambia, kichwa kakilaza mapajani pake, macho juu usoni mwake.

Naye alimwambia. Kuhusu ile rumba alisema magitaa matatu yanasengenyana, la nne linajifanya halisikii. Mpiga saksafoni wa jazi alikuwa mtu aliyepoteza ufunguo na anajua fika uko humo humo ndani. Yule mama wa taarabu anamwimbia adui yake huku anatabasamu, na tabasamu ndilo linalouma. Walipofika kwenye roki, Fundi alikunja uso. "Huyu mwenye gitaa hana shida ya mapenzi. Ana jino limeoza. Mlete karakana."

Asali alicheka mpaka akakohoa, akambusu kiganja.

Kwenye simu hakuwa mzuri hivyo. "Sema tena, mpenzi, mtandao wenu huo!" Kila siku mtandao. Fundi alimtania kwamba mtangazaji mzima hajui kushika simu.

Jumapili ya tisa ilikuwa zamu ya kwaya. Wimbo wa kwanza haukufika katikati, Fundi akakumbatia magoti yake. Kisha akasema jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu.

"Baba alikuwa nayo hii. Walipogombana na mama, aliiweka akaongeza sauti mpaka mwisho, majirani wasisikie. Mimi na dada tulikuwa chini ya meza. Hadi leo nikisikia kwaya, nangojea sahani ivunjike."

Asali akamsogelea. Alimshika tu, kwa muda mrefu. Jioni hiyo Fundi alijiambia, huyu ndiye.

Jumamosi mashine ya kusagia meno ilikuwa ikinguruma pale simu ilipoita. Dada yake.

"Mdogo wangu, huyo mchumba wako ana baba yetu?"

"Unasemaje?"

"Kasema redioni sasa hivi. Kwaya, meza, sahani. Eti ni baba yake! Mama alikuwa anapiga pasi. Kazima redio, kaingia chumbani, hasemi na mtu. Wewe ulimweleza nini huyo?"

Fundi alizima mashine. Mchana ule hakula. Alivaa visikilizio, akafungua vipindi vyote vilivyohifadhiwa kwenye tovuti ya redio, akavisikiliza kimoja baada ya kingine. Magitaa yanayosengenyana. Mtu na ufunguo wake. Hata lile jino lililooza! Yote kwa sauti ya asali, yote "mimi nilivyosikia", na wasikilizaji wakipiga simu kumsifu kwamba ana sikio la ajabu.

Hakulia. Aliushika mfano wa taya aliokuwa akiuchonga, akaumalizia taratibu, jino kwa jino.

"Mwache, basi," dada yake akamwambia.

"Kumwacha? Ataumia wiki moja, kisha atapata mwingine wa kumnyonya. Mimi namtaka aumie mbele za watu."

Asali alipokuja Jumapili, alimpokea kwa busu. Alikuwa ameleta santuri ya bendi ya zamani ya jazi, albamu iliyotoka nakala chache sana, ambayo wengi waliijua kwa kusimuliwa tu. Redio ilikuwa inatimiza miaka ishirini, na kipindi kingefanyika ukumbini, hewani moja kwa moja. Mgeni angekuwa mpiga dramu, mwanabendi pekee aliyebaki hai.

Fundi aligeuza jalada. Nyuma, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno yaliyomfanya ashushe pumzi: mpiga tarumbeta alifariki siku chache kabla ya kurekodi, na nafasi yake imeachwa wazi. Akalisukuma jalada chini ya kochi.

Walisikiliza. Katika wimbo wa tatu, upande wa pili, dramu zikashuka, piano ikanyamaza, besi ikatembea peke yake. Pale ndipo pengo lilipokuwa.

"Niambie, Fundi wangu."

Akamkazia macho, akiamini kwamba mtu aliyezoea kumeza maneno ya mwenzake hasikilizi mwenyewe, atameza na hili.

"Tarumbeta inaingia pale. Kama mtu anayerudi nyumbani baada ya miaka, na anaogopa kubisha hodi. Nimesikia mwili wote umesisimka."

"Kweli?"

"Hukusikia mwenyewe?"

"Nimesikia, mpenzi. Nimesikia sana."

Siku ya siku, Fundi alivaa gauni jekundu alilolinunua kwa ajili ya kazi hiyo tu, akakaa safu ya pili. Asali alipanda jukwaani na suti ya kijivu, akamwona, akampa tabasamu. Mpiga dramu alikuwa mzee mnene mwenye kofia ya sufu, magoti yanamsumbua, hana subira na maikrofoni.

"Na sasa," Asali akasema, ukumbi ukatulia, "upande wa pili, wimbo wa tatu. Pale tarumbeta inapoingia, kama mtu anayerudi nyumbani baada ya miaka..."

"Tarumbeta ipi?" mzee akauliza.

Watu wachache wakacheka, wakidhani ni utani. Asali naye akacheka.

"Ile tarumbeta, mzee wangu. Mwili wangu wote ulisisimka."

"Hakuna tarumbeta. Mpiga tarumbeta alikuwa mdogo wangu. Tulimzika Jumanne, tukarekodi Ijumaa." Mzee alivua kofia, akaitazama. "Wewe umesikiliza nini?"

Minong'ono ikaanza, halafu mtu wa nyuma akazomea. Asali alifungua mdomo, na sauti ile tamu haikutoka. Fundi alikuwa ameungojea uso ule wiki nzima. Aliupata, akautazama, na kwa dakika moja nzima raha ilimpanda kichwani kama soda baridi. Kisha akamwona mzee anajipangusa macho kwa kofia.

Asali alimkuta nje, kwenye ngazi za ukumbi.

"Ulijua."

"Nilijua. Na wewe ulijua yule ni baba wa nani."

"Sisikii, Fundi." Alisema polepole. "Sikio la kulia limekufa mwaka wa pili sasa. La kushoto linakwenda. Daktari anasema sauti za juu ndizo hutangulia. Tarumbeta, fidla, kwaya. Nasikia besi na kelele tu. Ningesema, wangenitoa kazini siku hiyo hiyo."

Fundi alikumbuka macho yale yasiyotoka midomoni mwake. Alikuwa ameyaita mapenzi.

"Mimi ungeniambia."

"Niliogopa."

"Usiniletee uziwi wako kama hati ya msamaha! Ungeniomba masikio yangu, ningekupa yote mawili. Wewe uliiba. Na mama yangu hasemi na mimi."

Aliondoka, visigino vikigonga ngazi.

Jumamosi iliyofuata mama mwenyewe aliwasha redio, Fundi na dada yake wakiwa hapo. Alikuwa bado hajasema neno. Asali alieleza yote: masikio, maneno ya mtu mwingine, baba asiyekuwa wake. Aliomba radhi kwa mama mmoja ambaye, alisema, anajijua. Kisha akaaga kipindi.

Mama alizima redio, akakunja shuka aliyokuwa akiinyoosha.

"Hakudanganya kitu kuhusu baba yenu," akasema. "Ila hamkujua moja. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia aongeze sauti."

Fundi alimkumbatia, shuka katikati yao. Saa ileile akapiga simu.

"Unanisikia?"

"Kidogo. Sema kwa nguvu."

"TWENDE KWA MZEE!"

Mpiga dramu aliwapokea sebuleni, hakuwakaribisha kukaa. Asali aliomba msamaha, akapewa mkono. Fundi naye akaungama: jalada, kochi, kila kitu. Mzee alimnyooshea Asali kidole.

"Huyu hakusikia," akasema. "Nitamlaumu nini? Wewe, binti, ulisikia. Ulisikia mahali pa mdogo wangu, ukapafanya mtego."

Fundi alisimama pale mikono mitupu, machozi yakimtoka bila sauti.

"Nendeni. Labda siku nyingine."

Walishuka hadi barabarani. Watu walikuwa wakitoka kazini, maduka yakiwasha taa zake. Asali alimpa leso.

"Sasa tumelingana?" akauliza.

"Hatujalingana. Bado nina hasira na wewe. Na mimi mwenyewe."

"Kwa hiyo?"

Fundi alizunguka akahamia upande wake wa kushoto, akamshika mkono, akasogeza mdomo karibu na sikio lile lililobaki.

"Kwa hiyo nitakuwa nakwambia ninachosikia, mpaka nichoke. Lakini ukikirudia kwa mtu yeyote, hata kwa muuza magazeti, utataja nani kasema."

"Nitasema nani?"

"Sema, 'mke wangu kasema.'"

Asali alisimama katikati ya watu, wakampita wakimsukuma bega. Akamgeukia, akamtazama midomo.

"Sema tena," akamwomba. "Sikusikia vizuri."

"Mwongo," Fundi akasema.

Akasema tena.