Yule Aliyebonyezewa Ndiyo

"Mwache alivyo, mama. Huyu wa sasa ananisalimia."

Ndivyo mkwe alivyomjibu bibi, tena huku anakamua nguo, bila hata kugeuza shingo. Bibi alikuwa amemfuata uani kumwambia kwamba yule anayelala naye si mume wake, naye akajibu hivyo, kama mtu aliyeambiwa maji yamechemka. Bibi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama povu linavyoingia mferejini.

Tuanze pale ilipoanzia, maana watu wanaisimulia vibaya. Wengine wanasema mkwe karogwa, wengine bibi kachanganyikiwa na uzee. Hakuna aliyerogwa.

Mwana wa bibi ni mtu wa kompyuta. Kazi yake kutengeneza mashine za watu walio mbali bila kutoka nyumbani. Kompyuta ya mtu ikigoma huko aliko, yeye anamtumia ombi, linajitokeza kwenye kioo: fulani anaomba kuingia, unaruhusu? Mwenyewe anabonyeza ndiyo, basi, mwana wa bibi yuko ndani, anatembeza mshale, anafungua hiki, anafunga kile, na mwenye mashine kakunja mikono anatazama tu. Bibi alipoelezwa mara ya kwanza alicheka, akasema huo ni wizi wenye hodi.

Hiyo kazi ilimla. Chakula alipelekewa chumbani, na sahani ilitoka na nusu yake. Mke akisema naye, yeye "mmh", macho kwenye kioo. Mke akawa anamwita mpangaji. Asubuhi atamuuliza bibi, mpangaji wangu kaamka? Bibi anacheka kwa adabu tu, maana anayesemwa ni mwanawe. Mke alishamlilia bibi mara nyingi, na kila mara bibi alimwambia vumilia, mwanaume ni kazi. Hilo nalo mkwe hakulisahau.

Sasa siku moja mchana mke alisimama mlangoni pa kile chumba, anamwambia mumewe mtoto ana homa. Mume "mmh". Papo hapo ombi likatokea kwenye kioo chake yeye, yeye ambaye siku zote ndiye mwombaji. Halikuwa na jina. Lakini mkono ulishazoea, na macho yalikuwa mekundu kwa kukesha. Akabonyeza ndiyo kama mtu anayefukuza nzi.

Mke aliona kwa macho yake. Mshale ulisogea wenyewe, taratibu, ukazunguka kioo chote kama mgeni anayekagua chumba kabla hajatua mzigo. Kisha mume akageuka kwenye kiti, akamtazama mkewe usoni.

"Homa ilimwanza lini?" akauliza.

Mke hakumwambia mtu. Wewe ungesema?

Basi nyumba ikawa nyumba. Baba anakula mezani, anaosha vyombo, anamuuliza bibi goti linaendeleaje. Simu ya bibi ilikuwa inazimika ovyo, akaichukua kwa upole aitengeneze, akasema asiwe na haraka nayo. Majirani wakampongeza bibi kwa malezi. Bibi alipokea pongezi, ila moyoni hakusikia kitu. Alikuwa akimtazama yule mtu anavyotafuna, anavyotabasamu, na ndani yake pamekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Mtoto ndiye aliyesema, akiwa amepakatwa, kwamba baba ananuka pasi. Kweli alinuka, harufu ya waya ulioungua, na haikutoka hata akioga.

Halafu ikaja siku ile ya chakula cha mchana. Wote wako mezani, baba anawachekesha, na bibi akasikia kutoka kile chumba kilichofungwa, tak tak tak, vile vibonye vinabonyezwa, ule mdundo wa mwanawe anaoujua miaka yote kwa sababu chumba chake yeye kinapakana na kile, akamtazama mtoto, mtoto yuko hapa, akamtazama mkwe, mkwe ameinamia sahani na anatafuna polepole kama mtu anayekataa kumeza, akamtazama yule anayeitwa mwanawe, naye ameweka mikono yote miwili juu ya meza, kimya, anamtazama bibi huku anatabasamu, na kule ndani mdundo unaendelea, unaongezeka, unakuwa wa haraka kama wa mtu anayegonga mlango moshi umeshamfikia kifuani.

Bibi aliinuka, akaenda, akafungua. Kiti kitupu. Vibonye vinazama na kuinuka bila vidole. Kwenye kioo maandishi yanajaa, mstari chini ya mstari. Bibi hajui kusoma, hakupelekwa shule, lakini macho anayo. Kila mstari ulifanana na uliotangulia.

Akamwita mkwe amsomee. Mkwe akaja, akasoma, uso haukubadilika.

"Kazi tu, mama," akasema, akafunga mlango.

Kesho yake ndipo bibi akamfuata uani. Na pale kwenye povu, baada ya lile jibu lake, mkwe akatoa yote, ombi, mshale, homa ya mtoto, na ile mistari iliyosema nitoeni, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi.

Bibi akaleta mganga, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kusomea. Hakuja na mbwembwe. Alinusa mlangoni tu, akasema huyu hajatumwa na mtu, karuhusiwa, na yeye hawezi kumfukuza mgeni kwenye nyumba isiyo yake. Ruhusa ifutwe na wakubwa wa nyumba, kila mmoja kwa kinywa chake. Akawaketisha mezani, jua likiwa utosini, na yule mume akakaa nao bila ubishi. Chumbani mdundo ukaanza.

Bibi akasema, simruhusu tena. Mdundo ukaongezeka hadi mlango ukatikisika kwenye bawaba.

Zamu ikawa ya mkwe. Yule mume akamshika kiganja.

"Mke wangu," akasema polepole, "nibaki?"

Mkwe akautazama mlango wa kile chumba. Akautazama mkono ulioushika wake.

"Baki," akasema.

Kule ndani kukanyamaza. Hakukusikika tena kitu, mpaka leo. Mganga akavua miwani, akaifuta, akaaga.

Bibi bado anaishi humo, ataenda wapi. Anaulizwa goti, anajibu. Ila wiki hii amemsikia yule mtu mchana, anaongea kwenye ile simu anayosema bado haijapona, anacheka, anauliza watoto hawajambo, anasema nitakuja kuwaona, mtanikaribisha? Upande wa pili ilikuwa sauti ya binti mkubwa wa bibi, dada wa mwanawe, yule aliyeolewa mbali.

Kwa hiyo wewe unayepita huko, usirudi bila kumwona huyo binti. Usimweleze mambo marefu, atadhani umelewa. Mwambie mama yake anasema hivi: kaka yako hakuwa mtu wa kupiga simu. Mwambie asimkaribishe.