Pini Katika Kopo la Maziwa

Kila nikisimulia kisa hiki husema kilimpata jirani yangu. Watu hutikisa vichwa, wakasema masikini jirani yako, nami naitikia, masikini. Leo nimechoka kumtwika jirani mzigo usio wake. Kilinipata mimi, uani kwangu, mchana, jua likiwaka.

Siku yenyewe ilianza kama Jumamosi yoyote. Mwanangu ni karani wa mahakama. Wiki nzima anavaa tai na kuandika makosa ya watu. Jumamosi anavua tai na kuingia chini ya gari. Ana Subaru kuukuu, ya umri wa kuoa, na rafiki yake kinyozi alikuwa nayo ya aina hiyo hiyo. Magari hayo yalikuwa yanakwenda vizuri tu, lakini wao hawakupenda gari likae bila kuguswa. Leo wanaweka springi fupi ili lilale chini, kesho wanabadili bomba la moshi ili lingurume. Marehemu mume wangu alikuwa na mke mmoja na hakumhangaikia hivyo.

Yule kinyozi tulimwita Kishindo, kwa ajili ya bomba lake. Ulimsikia angali mtaa wa tatu.

Kazi yangu ilikuwa makopo. Mimi na shule tulitazamana miaka miwili, tukaachana kwa amani. Siwezi kusoma maandishi ya kwenye maboksi ya vipuri, lakini mikononi mwangu hakuna nati inayopotea. Nilikuwa na makopo manne, moja kwa kila gurudumu: la maziwa kwa gurudumu la mbele kulia, la kahawa kwa la mbele kushoto, la rangi na la biskuti kwa ya nyuma. Kilichotoka kwenye gurudumu kiliingia kopo lake, na kilirudi kutoka kopo lake. Kabla ya kushusha jeki, mwanangu huuliza kutoka chini, "Mama, makopo?" Nami huyainamisha moja moja na kusema, "Matupu." Nisiposema, gari halishuki hata mvua inyeshe.

Kishindo hakuniita Mama wala Bibi. Aliniita Bi Makopo.

"Bi Makopo, leo umehesabu kwa vidole vya mikono au na vya miguu?"

"Kwa meno yako. Ndiyo maana hesabu imepungua."

Alikuwa na pengo mbele. Akacheka mpaka lote likaonekana.

Lakini siku ile mkwe wangu alikuwa na wageni wake barazani, wanawake wa ofisini, na Kishindo akataka kuwafurahisha. Akasema tutafute mtu aliyesoma akae na makopo, huyu bibi siku moja atatuua. Wageni wakacheka. Mkwe wangu naye akacheka, akaziba mdomo kwa mkono, jambo ambalo ni baya kuliko kucheka wazi.

Nikanuna. Mwanangu alikuwa anafunga gurudumu la mbele kulia la gari la Kishindo. Likafungwa.

"Mama, makopo?"

Sikuyainamisha. Niliyatupia jicho tu.

"Matupu."

Jeki ikashuka. Kishindo akaingia, akawasha, akasogea mpaka getini, akasimama pale afunge mkanda. Nikachukua kopo la maziwa nilifute. Chini kabisa, imenata kwenye grisi, palikuwa na pini.

Ni kitu kidogo, kama kibanio cha nywele. Hupita katikati ya meno ya nati inayoshika kifundo cha gurudumu, nati isije ikajifungua njiani.

Gari lilikuwa hatua ishirini kutoka nilipoketi. Lilikuwa linanguruma. Nina sauti mimi. Muulize yeyote mtaani. Nikafungua mdomo. Nikaona jinsi atakavyocheka, na wale wageni nyuma yake. Nikaufunga. Nikajiambia, Jumamosi ijayo atarudi, nitamnong'oneza mwanangu kando. Pini kitu gani.

Kishindo akapiga honi mara mbili, akaenda zake.

Jumamosi haikumkuta. Alhamisi, kwenye mteremko, gurudumu la mbele kulia lilikunjika chini ya gari kama goti la mzee. Alikuwa peke yake, nashukuru kwa hilo, ingawa sioni nashukuru nini.

Mkaguzi aliyetumwa kulitazama gari alisema nati ilijifungua kwa sababu pini haikuwekwa. Mwanangu alirudi nyumbani akaketi jikoni, akatazama viganja vyake mpaka chai ikaota utando.

"Mama," akasema, "siku ile makopo yalikuwa matupu?"

"Matupu."

Ile ya kwanza ilikuwa uzembe. Hii ya pili najua jina lake.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu niliyazaa mwenyewe, nikayalea. Mwanangu alikwenda mwenyewe kwa mjane, akapiga magoti, akasema, "Ni mkono wangu." Mjane akamwinua, akampa gofu la gari, akamwambia mumewe asingependa liende kwa wageni. Likaletwa uani bila injini, bila magurudumu, likawekwa juu ya mawe manne. Nyasi zikaota ndani yake. Jioni mwanangu alikuwa akitoka kazini anaingia mle, anakaa kwenye kiti cha pembeni mwa dereva, tai ingali shingoni. Mimi nilikuwa namwona kupitia dirisha la jikoni, nikiosha sufuria ambayo imekwisha kutakata.

Pini niliificha kwenye mkebe wangu wa sindano, chini ya vifungo.

Ukapita mwaka. Mjukuu wangu, binti yake wa pekee, akamsumbua babake alifufue gari lao, lililokaa bila kuguswa tangu msiba, wakatembee. Akakubali. Akaniletea makopo manne, akayapanga miguuni pangu.

"Kaa, Mama. Bila wewe siwezi."

Nikakaa.

Siku ya tatu ya kazi ile, nilikuwa uani peke yangu nachambua mchele. Saa saba mchana. Mwanangu yuko mahakamani, mtoto shuleni. Chini ya gofu mtu akakohoa, kama akohoavyo mtu aliyelala chali.

"Bi Makopo."

Mkono wangu ukasimama kwenye ungo.

"Matupu?"

Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu anayeuliza kazi tu, isiyo na hasira. Nikainama nikatazama. Hakuna mtu. Nyasi za chini ya gofu zilikuwa zimelala, urefu wa mtu mzima, na zilikuwa zinaanza kuinuka moja moja.

Ndani ya kopo la maziwa palikuwa na pini. Ina grisi mbichi.

Nikairudisha kwenye mkebe wa sindano. Nikaifunga uzi mweusi, mafundo saba, nikauviringisha uzi kwenye kifungo kikubwa. Kesho yake saa saba sauti ikauliza tena. Pini ilikuwa koponi. Nikaufungua mkebe. Uzi ulikuwa mle, umezunguka kifungo, mafundo yote saba hayajaguswa. Katikati ya mafundo palikuwa na uwazi mwembamba.

Sikumwambia mtu. Kukaa kimya nilikuwa nimekwisha kuzoea.

Jumamosi mwanangu akamaliza. Akashusha jeki bila kuniuliza kuhusu makopo. Tangu msiba, swali lile hakuliweza tena. Mtoto akaingia, akafunga mkanda, akanipungia mkono. Gari likasogea mpaka getini. Likasimama.

Nyuma yangu, chini ya gofu:

"Bi Makopo. Matupu?"

Nikatazama kopo la maziwa.

Pini mbili.

Moja ya zamani, imepauka. Nyingine mpya, inang'aa, ncha zake zimekunjwa kama mwanangu anavyozikunja.

Hatua ishirini. Injini inanguruma. Mwanangu anavuta mkanda wake.

"Subiri," nikasema. Haikutoka. Nikasimama, nikazichota zile pini, nikakimbia kwa miguu hii, nikajitupa mbele ya boneti, nikalikumbatia likiwa moto.

"Usiende. Tazama mbele kulia. Usiende."

Hakuuliza. Alizima, akaleta jeki, akavua gurudumu pale pale getini. Nati ilikuwa mahali pake. Tundu la pini lilikuwa wazi.

"Niliiweka," akasema. "Mama, niliiweka mwenyewe."

"Uliiweka. Hii ya Kishindo ndiyo hukuiweka, kwa sababu ilikuwa kwangu."

Nikafungua kiganja. Nikamweleza yote, nimesimama, mtoto akisikia. Wageni, kicheko, mdomo nilioufunga, na ile "matupu" ya jikoni. Sikulia. Kulia ni kuomba kitu, na sikuwa na haki ya kuomba.

Aliweka spana chini.

"Mwaka mzima," akasema. "Mwaka mzima naamka naye."

Akachukua ile pini ya zamani. Akaingia chini ya gofu kwa magoti, akaipitisha mahali pake, akaikunja ncha kwa koleo, taratibu, kama gari lile lina safari. Akatoka na nyasi kichwani. Akayabeba makopo yote manne akayatia ndani.

"Pumzika sasa, Mama."

Afadhali angenipiga.

Asubuhi mkwe wangu ndiye aliyetuita. Gofu lilikuwa juu ya mawe yake, nyasi zake ndani yake. Lakini kutoka kwenye mawe yale, udongoni, zilianza alama za matairi manne, pana, zimenyooka, mpaka getini. Pale zilikoma. Hazikupita geti. Ardhi ilikuwa imedidimia sana, kama chini ya gari lililosimama muda mrefu injini ikiwaka, likingoja mtu aite. Katikati palikuwa na dimbwi dogo la oili. Mwanangu akachovya kidole. Ilikuwa na joto.

Akanitazama.

Basi nikaita. Mbele yao wote, kwa sauti yangu yote niliyoibania siku ile:

"Kishindo, subiri. Pini iko kwangu."

Ile oili ikatetemeka, duara ndani ya duara, kisha ikatulia, kama inavyotulia injini inapozimwa.

Tumelifukia doa lile kwa mchanga mara tatu. Linarudi. Mjukuu wangu akienda shule, akifika hapo hulizunguka kwa upande wa kushoto, upande wa abiria, na hunyoosha mkono kama anayepita karibu na gari.