Ukimya wa Mgodini

Haya yalimpata rafiki yangu Gyeong-ok, fundi wa sauti wa Seoul, yeye na wenzake walipokuwa wakitengeneza tamthilia fupi ya televisheni kutokana na riwaya ya zamani ya watu waliohamia mwezini. Mwongozaji alitaka dakika moja ya ukimya wa chini ya ardhi, basi mchana mmoja Gyeong-ok akaenda kwenye mgodi wa makaa uliofungwa, karibu na mji wa Taebaek.

"Dada, fanya haraka, tambi zinaningoja," dereva Pyo alimtania mlangoni.

"Wewe na tumbo lako! Nikichelewa, nifuate."

"Humo? Thubutu!"

Aliingia peke yake mpaka mwanga wa mlangoni ukapotea. Akawasha kinasa sauti, akavaa hedifoni, akazima tochi kwa sababu mvumo wake mdogo ulikuwa ukiingia kwenye rekodi. Matone ya maji yalidondoka mahali fulani: to, to, to. Kwa mazoea tu akasema, "Jamani, kimya, tunarekodi."

Matone yakakoma.

Gyeong-ok alitaka kukimbia, lakini dakika aliyoijia ilikuwa imeanza. Akahesabu hadi sitini, kisha akanong'ona, "Asanteni. Tumemaliza."

Gizani, mbele yake na nyuma yake, watu wengi wakashusha pumzi kwa pamoja.